Anwani na Diski: Maamuzi Mawili Ambayo Fundi Hapaswi Kuiachia Programu

Bwana mwenyekiti, walimu wetu, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mliotoka Likoni, Kisauni, Changamwe na hata Kilifi, assalaam alaykum, na hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumzie usakinishaji wa seva ya Linux, na kwa kuwa wengi wenu mmeshasakinisha Ubuntu au Debian kwenye kompyuta za mezani, sitawachosha kwa habari za kuandaa flashi wala kuchagua lugha na majira ya saa. Nitakaa kwenye skrini mbili tu, ile inayouliza habari za mtandao na ile inayouliza habari za diski. Katika skrini hizo programu ya kusakinisha huwa na jibu lake tayari, jibu linalotosha kabisa kwa mashine ya majaribio nyumbani, na ndiyo maana watu hubonyeza Enta na kuendelea. Hoja yangu ni kwamba programu hiyo huitambua vizuri mashine, yaani kadi zake, diski zake na kumbukumbu yake, lakini haina njia ya kuijua ofisi ambamo mashine hiyo itafanya kazi: ruta ni ya namna gani, umeme hukatika mara ngapi, mafaili yataongezeka kwa kasi gani, na ni nani mwenye ufunguo wa chumba saa saba usiku. Hayo anayajua fundi, na kama hayajui, inampasa ayaulize kabla hajachomeka flashi.

Ili tusitangetange, nitatumia mfano mmoja hadi mwisho. Tuseme ni ofisi ya uwakala wa forodha, ya aina tunazoziona kwa wingi hapa mjini, yenye makao yake karibu na Moi Avenue na tawi dogo Changamwe, inayotaka seva moja ya kuhifadhia hati za mizigo zilizoskaniwa pamoja na hifadhidata ya wateja.

Nianze na mtandao. Programu ya kusakinisha ya Debian, na ya Ubuntu Server vilevile, kwanza hutumia utaratibu wa DHCP, yaani huiomba ruta anwani yoyote iliyo wazi, nayo ruta huitoa kwa muda maalumu. Kwa simu ya mkononi utaratibu huo hauna ubaya wowote. Kwa seva ni jambo jingine, kwa sababu skana, kompyuta za wahasibu na programu ya hifadhidata zote zitaelekezwa kwenye anwani hiyohiyo. Ruta nyingi za bei nafuu huweka orodha ya anwani zilizozigawa katika kumbukumbu inayofutika umeme unapozimika. Umeme ukikatika mchana na kurudi baada ya robo saa, ruta huamka ikiwa na orodha tupu, na simu ya mteja aliyeketi mapokezi inaweza kupewa anwani iliyokuwa ya seva, wakati seva yenyewe, iliyobaki ikiwaka kwa UPS, ile betri ya akiba, bado inaamini kwamba anwani hiyo ni yake. Baada ya hapo mfanyakazi mmoja anazipata hati na mwenzake aliye meza ya pili hazipati, na fundi anaitwa aje kutengeneza "seva mbovu" ambayo haina ubovu wowote.

Wako wanaosema kwamba dawa ni kuiagiza ruta iihifadhie seva anwani yake kwa kutumia namba ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi yake ya mtandao. Ni dawa halali, na kwa printa naiona inafaa sana. Kwa seva siipendi, kwa sababu mtoa huduma ya intaneti akija kubadilisha ruta, jambo ambalo mara nyingi hufanyika bila fundi kuarifiwa, maagizo hayo yote huondoka na ruta ya zamani. Isitoshe, umeme ukirudi, huenda seva ikawahi kuwaka kabla ya ruta, na Ubuntu yenye kutegemea DHCP inaweza kukaa sekunde 120 ikingojea mtandao kabla ya kuendelea, huku mwenye ofisi akiitazama skrini na kudhani mashine imekwama. Seva yenye anwani ya kudumu haimngoji mtu kuijulisha inaitwa nani.

Kwa hiyo kazi huanzia kwenye karatasi. Tuchukue kwamba mtandao wa makao makuu ni 192.168.10.0/24, ambao una anwani 254 za kutumika, nao umo katika mafungu ya anwani yaliyotengwa mwaka 1996 kwa mitandao ya ndani, pamoja na yale yanayoanza kwa 10 na yale ya 172.16 hadi 172.31. Ruta iwe 192.168.10.1. Anwani zinazoishia na 10 hadi 30 ziwe za seva, 31 hadi 60 za printa na skana, na ruta iruhusiwe kugawa kuanzia 100 hadi 200 peke yake. Jambo hili la mwisho ndilo linalosahauliwa. Fundi huipa seva anwani ya kudumu iliyo ndani ya fungu ambalo ruta inaendelea kuligawa, kisha hushangaa mgongano uleule unaporudi. Ingia kwenye ruta kwanza, punguza fungu lake, ndipo uende kwenye seva.

Ukishakuwa na mpango huo, skrini inauliza mambo manne: anwani ya seva, maski ya mtandao, lango (yaani ruta ya kutokea nje), na seva za majina (zinazogeuza majina kuwa namba). Kwenye Ubuntu Server unachagua kadi, unahariri IPv4, unaitoa kwenye hali ya kujiendesha na kuweka hali ya mkono. Sehemu ya kwanza hapo inataka mtandao mzima, 192.168.10.0/24, wala si anwani ya seva, ukiandika 192.168.10.10/24 mahali hapo itakukatalia, na si wachache waliodhani programu imeharibika. Kwenye Debian njia imejificha zaidi, kwa kuwa programu hujaribu DHCP bila kukuuliza, nawe unapaswa kuighairi inapoanza au kurudi nyuma ndipo ikupe menyu yenye chaguo la kujaza mwenyewe. Wengine huchomoa tu waya wa mtandao hadi DHCP ishindwe, na menyu hiyo hutokea yenyewe. Si ufundi wa kujivunia, ila unafanya kazi.

Maski ya mtandao naomba tuikalie kidogo, kwa maana makosa yake hujificha kwa muda mrefu. Maski huiambia seva ni anwani zipi ziko jirani nayo kwenye waya uleule, na ni zipi zinazopaswa kupitia langoni. Tuseme tawi la Changamwe linatumia 192.168.20.0/24 na limeunganishwa na makao makuu kupitia ruta. Fundi akiandika 255.255.0.0 badala ya 255.255.255.0, ambayo ndiyo ile /24, seva itahesabu kwamba kompyuta za Changamwe ni jirani zake wa hapohapo, itaziita moja kwa moja kwenye waya wa Moi Avenue, na haitajibiwa, kwa sababu hazipo hapo. Wafanyakazi wa makao makuu hawataona tatizo lolote. Intaneti itafunguka vizuri, maboresho ya programu yatashuka, na kila jaribio atakalofanya fundi akiwa ofisini hapo litafaulu, ilhali Changamwe wanalalamika kwamba hawaipati seva. Mtu anaweza kutumia siku nzima akibadilisha swichi na nyaya kwa ajili ya namba moja.

Lango ukilisahau, seva itaonekana na majirani zake lakini haitatoka nje. Seva za majina ukizikosea, itatoka nje kwa namba lakini haitajua jina lolote. Ndiyo maana upimaji huwa na mpangilio wake: piga ping, yaani tuma ujumbe mfupi unaosubiri jibu, kwenye lango, kisha kwenye anwani ya nje kama 1.1.1.1, kisha kwenye jina. Panapokatika ndipo penye kosa.

Baada ya usakinishaji, Ubuntu huyaweka maagizo haya katika faili ya YAML (mwandiko wa maagizo unaopangwa kwa nafasi) iliyo ndani ya /etc/netplan, na Debian ya kawaida huyaweka katika /etc/network/interfaces. YAML haipokei alama ya Tab, inataka nafasi za kawaida zilizopangwa sawasawa. Lakini jambo ninalotaka mlishike hapa ni amri ya netplan try. Amri hii huyatekeleza mabadiliko, kisha hungoja uyathibitishe. Usipothibitisha ndani ya sekunde 120, huyarudisha yale ya zamani. Fundi aliyeketi nyumbani Likoni akibadilisha anwani ya seva iliyoko mjini, halafu akajikatia mwenyewe njia, amri hii humwokoa asipange foleni ya feri jioni ile kwa sababu ya nukta iliyowekwa pasipo pake.

Kuna pia suala la majina ya kadi. Tangu mwaka 2013 mifumo mingi yenye systemd, programu inayosimamia huduma za Linux, imeziita kadi kufuatana na mahali zilipochomekwa, ndiyo mkaona enp3s0 au eno1 badala ya eth0 ya zamani. Jina hilo limetulia mradi maunzi hayajaguswa. Ukiongeza kadi nyingine ndani ya mashine, namba za njia zinaweza kusogea, enp3s0 ikawa enp4s0, na maagizo yako yakabaki yakielekezwa kwa kadi isiyokuwepo. Kwa mashine ambazo mnajua zitaongezewa vitu, ifungeni anwani kwa namba ya MAC ya kadi, si kwa jina lake.

Neno dogo kuhusu intaneti yenyewe. Sisi wa Mombasa nyaya za baharini zinatua mlangoni petu, SEACOM na TEAMS tangu 2009 na nyingine baada yake, na ni rahisi kuzoea kwamba faili ndogo ya Debian itateremsha mengine yote wakati wa usakinishaji. Mwezi Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa Afrika Kusini, intaneti ilizorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Kenya ikiwa mojawapo. Fundi aliyekuwa na faili kamili ya kusakinishia kwenye flashi aliendelea na kazi yake. Beba zote mbili.

Sasa diski, ambako nadhani makosa ni ya gharama zaidi, kwa kuwa anwani iliyokosewa hurekebishwa kwa dakika chache, lakini diski iliyogawanywa vibaya huonekana imekosewa mwaka mzima baadaye ikiwa imejaa hati za watu.

Kwanza jedwali la patisheni, yaani orodha ya vipande ambavyo diski imegawanywa. Jedwali la zamani, MBR, kwenye diski za kawaida haliwezi kuhesabu zaidi ya terabaiti 2 na kidogo, na hukubali patisheni kuu nne tu. Ukilitumia kwenye diski ya terabaiti 4, karibu nusu ya diski itakuwa haifikiki. Tumieni GPT, jedwali la kisasa. Mashine zinazowaka kwa UEFI, programu ya kuwashia ya mashine za kisasa, zitahitaji patisheni ndogo ya FAT32 inayofungwa (mount), yaani kuunganishwa na mfumo, kwenye /boot/efi, na nusu gigabaiti hadi gigabaiti moja inatosha. Zile seva za mitumba, ambazo nyingine bado zinawaka kwa BIOS ya kale, zitahitaji patisheni ya megabaiti 1 isiyo na mfumo wowote wa mafaili, ambamo GRUB, programu inayoanzisha Linux, huweka sehemu yake. Ukiisahau hiyo, usakinishaji huenda vizuri hadi hatua ya mwisho kabisa, halafu GRUB inakataa, na umepoteza asubuhi.

Pili LVM, na hapa niombe subira yenu. LVM hukusanya nafasi ya diski moja au kadhaa kuwa fungu moja, kisha wewe hukata voliumu kutoka katika fungu hilo kwa ukubwa unaoutaka. Ukichagua njia ya mkato ya Ubuntu Server pamoja na LVM, programu haitumii diski yote. Nafasi iliyobaki ikiwa kati ya gigabaiti 20 na 200, hutoa nusu yake kwa mzizi wa mfumo, yaani / ambamo mfumo wenyewe hukaa. Ikizidi 200, hutoa gigabaiti 100 tu na kuiacha iliyobaki bila kugawiwa. Wengi hukasirika wakiona wamenunua diski ya terabaiti nzima na amri ya df -h inawaonyesha chini ya gigabaiti 100. Mimi nauona uamuzi huo kuwa wa busara, ila umefanywa kimyakimya, na mtu asiyejua hukimbilia kununua diski nyingine ilhali zaidi ya gigabaiti mia nane zimelala ndani ya mashine yake.

Busara yake ni hii. Mfumo wa mafaili wa ext4 unaweza kukuzwa seva ikiwa inafanya kazi, hakuna atakayehisi. Amri ya lvextend yenye chaguo la -r hukuza voliumu na mfumo wa mafaili kwa pamoja. Kuupunguza ni lazima kwanza uufungue kutoka mahali ulipofungwa, kazi isimame, na moyo ukudunde. XFS, ambayo Red Hat iliifanya chaguo lake la kawaida tangu toleo la 7 la mwaka 2014, haikuundwa kupunguzwa. Chumvi ni rahisi kuiongeza mchuzini, kuitoa ndiyo kazi. Kwa hiyo kila voliumu ipeni kiasi cha mahitaji ya miezi ya mbele inayoonekana, na angalau sehemu ya tano ya diski iacheni bila mwenyewe.

Kwa ofisi yetu ya mfano, yenye diski mbili za terabaiti 2 kila moja, ningeziunganisha kwanza kwa RAID 1 ili kila kitu kiandikwe mara mbili, nikikumbuka kwamba patisheni ya EFI haiingii vizuri ndani ya RAID hiyo na inabidi iwepo kwenye kila diski, la sivyo diski ya kwanza ikifa ya pili itakuwa na data yote na haitawaka. RAID si nakala rudufu. Mfanyakazi akifuta folda ya mteja, itafutika kwenye diski zote mbili papo hapo. Juu ya RAID ningeweka LVM, na ndani yake mzizi wa gigabaiti 40, /var gigabaiti 100, na /srv, ambako hati za mizigo zitakaa, gigabaiti 1000 kwa kuanzia.

Kwa nini /var iwe peke yake? Kwa sababu ndiko mafaili ya kumbukumbu za matukio yanakoandikwa, na programu moja iliyokorofika inaweza kuandika kosa lilelile usiku kucha hadi ijaze kila nafasi iliyopo. Ikiwa /var ni sehemu ya mzizi, mashine nzima hukosa pa kuandika na hata kuingia ndani yake huwa taabu. Ikiwa ni voliumu yake, hifadhidata inaweza kusimama, ndiyo, lakini unaingia, unaona kilichotokea, unasafisha. Kumbukeni vilevile kwamba PostgreSQL na MariaDB, ambazo ni programu za hifadhidata, huweka data zao chini ya /var/lib, na Docker, ya kuendeshea programu ndani ya makasha, hivyohivyo. Ukiipa /var gigabaiti 10 kwa sababu makala fulani ya zamani ilisema hivyo, hifadhidata ya wateja itafika ukutani mapema. Swapu, nafasi ya diski inayosaidia kumbukumbu ikijaa, sitaizungumzia sana. Gigabaiti chache zinatosha kwa seva ya namna hii, na faili ya swapu inaweza kuongezwa siku yoyote.

Ext4 ina tabia mbili za kujua. Huhifadhi asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya msimamizi mkuu wa mfumo, jambo lenye maana kwenye mzizi, lakini kwenye /srv ya gigabaiti 1000 ni gigabaiti 50 zisizogusika na watumiaji; tune2fs -m 1 huishusha. Tena, idadi ya mafaili inayoweza kubeba hupangwa siku ya kuundwa kwake. Hati zilizoskaniwa kwa vipande vidogo mamilioni zinaweza kuimaliza idadi hiyo, na seva ikalia kwamba haina nafasi wakati df -h inaonyesha nafasi tele. Hapo tazama df -i, inayohesabu mafaili badala ya nafasi.

Usimbaji wa diski nzima, yaani kuifunga data yote kwa nywila, huonekana jambo la heshima, hasa tangu Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na ofisi yenye nakala za vitambulisho vya wateja inafanya vyema kuufikiria. Ila mashine iliyosimbwa yote haiwaki mpaka mtu aandike nywila. Umeme ukikatika usiku hadi UPS ikaishiwa, seva itabaki kwenye skrini nyeusi ikisubiri hadi mtu afike asubuhi. Ningeikatia hifadhidata voliumu yake, nikaisimba hiyo na /srv peke yake, nikauacha mzizi na /var vijiwakie ili niweze kuingia kutoka mbali na kuzifungua mwenyewe, nikiwa nimekwisha kuziwekea noauto (zisifunguliwe zenyewe) katika /etc/crypttab na /etc/fstab na kuziagiza huduma zinazozitegemea zingoje.

Faili hiyo ya fstab iandikwe kwa UUID, namba ya utambulisho ya mfumo wa mafaili, si kwa majina kama /dev/sdb1, ambayo hubadilika diski ya nje ikichomekwa kabla ya nyingine. Na diski ya nje ya nakala rudufu iwekewe nofail, yaani isipokuwepo mashine iendelee kuwaka. Bila neno hilo, siku mtu atakapoichomoa aende nayo nyumbani, seva itawashwa upya, itaingoja sekunde 90, kisha itaangukia katika hali ya dharura na kudai nywila ya msimamizi mkuu, na ofisi nzima itakaa bila kazi kwa sababu ya diski ambayo haikuhitajika siku hiyo.

Kabla ya kumkabidhi mteja, yafanyeni mambo matatu mbele yake. Zimeni ruta, muwashe seva, mwone kama inapanda bila kungoja. Zimeni seva, mchomoe diski ya kwanza, muiwashe kwa ya pili pekee, kisha mfanye kinyume chake baada ya kuirudisha ile ya kwanza na RAID kusawazishwa, jambo ambalo kwa diski za ukubwa huu huenda likachukua saa kadhaa, kwa hiyo msilianze saa kumi jioni. Halafu mtu aliyeko Changamwe afungue hati moja. Mpango wa anwani na wa voliumu ubandikwe ndani ya mlango wa kabati, ukiwa umefunikwa kwa plastiki, maana unyevu wa pwani hauichelewi karatasi.

Kuna mashine mbili pale mezani, moja ya UEFI na nyingine ya BIOS ya zamani, na ruta isiyounganishwa na intaneti. Wenye maswali ya LVM wakae na ile ya kwanza, na walimu nawaomba waanze na ruta.